Jibu: Rafiki yuko mbali, nimtumie kitabu au jina la kitabu tu?

Ndugu, mtumie kitabu chenyewe, tena ile nakala uliyoisoma, yenye mistari ya penseli pembezoni. Akifika pale ulipoandika "huyu mjomba simwamini hata kidogo" atacheka kama mmekaa pamoja. Ila kimoja kimoja. Ukimrundikia vitano ataishia kuvipanga kabatini (watu nawajua).

Posta ulizia nauli ya machapisho (vitu vilivyochapwa), si ya kifurushi. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani vitabu huweza kupokewa hivyo hadi kilo 5, na mara nyingi huwa nafuu. Barua usiichomeke ndani, itume kando. Funga kwa nailoni kwanza, kona uzikinge kwa boksi. Naye akuchagulie chake, hata kama ladha zenu hazifanani.