Wasomaji Wanauliza: Baada ya kutua Normandy, mbona walikwama?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kila mtu anaongelea tarehe 6 Juni 1944, Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani, Uingereza na Kanada yaliposhuka pwani ya Normandy, Ufaransa, ila Paris imekuja kukombolewa toka kwa Wajerumani tarehe 25 Agosti. Muda wote huo walikuwa wapi? Na ni kweli mabomu ya ndege ndo yaliwafungulia njia?

JIBU: Salama ndugu yetu, swali zuri sana. Walikuwepo hapohapo Normandy wanapigana, tena wanakufa kwa wingi. Upande wa Wamarekani kulikuwa na mashamba madogo madogo, kila shamba limezungushiwa tuta la udongo lenye miti na vichaka vimeota juu yake, mizizi imeshikana vibaya mno. Kifaru kikipanda lile tuta kinanyanyua tumbo juu, na tumboni ndo chuma chake chembamba, Mjerumani amejificha ng'ambo anakisubiri. Ikabidi wafungie vifaru meno ya chuma mbele ili vitoboe tuta badala ya kulipanda, na mengi ya hayo meno yalikatwa kwenye vyuma vilevile Wajerumani walivyoweka ufukweni kuzuia wasitue!

Sasa mabomu. Jenerali Bradley wa Marekani alipanga operesheni Cobra, apige kipande kimoja tu cha mstari wa adui magharibi ya mji wa Saint-Lô. Yeye alitaka ndege zipite sambamba na barabara iliyotenganisha majeshi, lakini wenye ndege wakapita juu ya vichwa vya Wamarekani wenyewe, na mabomu mengine yakawaangukia. Tarehe 24 Julai wakafa watu 25, kesho yake 25 Julai wakafa 111, mmoja wao Jenerali McNair wa Marekani. Inauma sana, maana hawa walikuwa wamekaa wanasubiri amri ya kwenda mbele.

Ila hata baada ya ndege zaidi ya 1,500 kumwaga mabomu siku ile, jioni askari wa miguu walikuwa hawajasogea sana, bado kuna Wajerumani wanarusha risasi. Hapa ndo mimi naona vita iliamuliwa. Jenerali Collins, kamanda chini ya Bradley, aliona wanaorusha wapo lakini hawapigani kwa pamoja, yaani simu zimekatika na mstari hauna uongozi tena, akaamua asisubiri njia isafishwe, akaingiza vifaru vyake tarehe 26. Angesubiri siku mbili Wajerumani wangejipanga upya.

Na tusiwasahau Waingereza na Wakanada, huwa wanasemwa vibaya eti walichelewa kuuteka mji wa Caen, wakati vifaru vingi vya Ujerumani vilikuwa vimebanwa vinapigana upande wao, ndo maana kwa Bradley kukawa na upenyo.

Tarehe 30 Julai Wamarekani wakaingia mji wa Avranches, kesho yake wakashika daraja la Pontaubault likiwa zima, na kuanzia 1 Agosti Jenerali Patton wa Marekani akapitisha pale divisheni 7 ndani ya masaa 72. Hitler badala ya kuwarudisha watu wake nyuma akaamuru wapige kuelekea magharibi, kwenye mji wa Mortain, tarehe 7 Agosti, wakazidi kujiingiza ndani huku wanazungukwa, mpaka tarehe 21 Agosti mdomo wa huo mzingo ukafungwa karibu na mji wa Falaise. Siku 4 baadae ndo hiyo Paris uliyoiuliza.