Tom Finney na Palermo

Je, Tom Finney, winga wa Uingereza, aliwahi kuchezea Palermo ya Italia? Hapana, hakuwahi. Walimtaka kweli mwaka 1952, wakamwahidi pauni 10,000 za kusaini, jumba na gari, lakini mabosi wa klabu yake, Preston North End ya Uingereza, wakagoma kumwachia. Enzi hizo klabu ndiyo iliyokuwa na usemi, na mishahara Uingereza ilikuwa na kikomo. Ndiyo maana staa wa taifa aliendelea na kazi yake ya ufundi bomba. Ligi ya Uingereza aliicheza na Preston tu, mechi 433, mabao 187, akastaafu 1960. Ila 1963, akiwa na miaka 41, aliichezea Distillery ya Belfast mechi moja ya Kombe la Ulaya dhidi ya Benfica. Sare 3-3!