Kwa nini Julie Andrews hakucheza filamu ya My Fair Lady

Andrews alikuwa Eliza, mhusika mkuu wa My Fair Lady, kwenye jukwaa la Broadway huko New York tangu 1956, lakini kwa filamu ya 1964 Jack Warner, mtayarishaji wake, alitaka jina ambalo watu wa sinema wanalijua tayari, akamchukua Audrey Hepburn. Shida ikawa sauti. Nyimbo nyingi ziliimbwa na mwimbaji Marni Nixon, Hepburn akifuatisha kwa midomo tu. Sikiliza "Just You Wait": mwanzoni ni Hepburn mwenyewe, wimbo unapopanda anaingia Nixon, na pale palipoungwa panasikika wazi. Kwangu hiyo ni hasara kubwa. Rex Harrison, aliyecheza Profesa Higgins pamoja na Andrews jukwaani na sasa kwenye filamu, alikataa kufuatisha rekodi, maana mwendo wake wa kuimba ulibadilika kila mara. Wakamfichia maikrofoni isiyo na waya kwenye tai, akarekodiwa papo hapo.