Anza na mbegu

Dada, umeuliza uanzie wapi kuwafundisha wanao wa miaka 7 na 9 kuhusu watu wa Iroquois, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Anza na mbegu. Watu hao hupanda mahindi, maharage na maboga pamoja, na huviita dada watatu: shina la mahindi hubeba maharage, maharage hurutubisha udongo, majani ya maboga hufunika ardhi isikauke. Kona ya bustani inatosha. Tangulizeni mahindi, yakifika shubiri hivi, pandeni maharage.

Kisha wafundishe jina ambalo Iroquois hujiita wenyewe, Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu. Nyumba hizo zilijengwa kwa magome ya miti, familia kadhaa za ukoo wa mama zikikaa pamoja. Wanao wakichora mahema ya ngozi, warekebishe kwa upole. Hayo ni ya watu wa nyikani magharibi.

Binti yako atapenda hili: mama wakuu wa koo ndio huteua machifu, na huweza kuwavua madaraka. Mataifa ya Haudenosaunee yalikuwa matano, taifa la Tuscarora likawa la sita mwaka 1722.

Na tafadhali, usiseme "waliishi". Wapo hadi leo, New York, Marekani, na Ontario, Kanada.