Kabla ya hita, ziba upepo

Umeuliza uanze na nini kuandaa nyumba kwa majira ya baridi, na mfuko wenyewe umetoboka. Hita iache kwanza, ndugu yangu, ziba upepo. Siku yenye upepo, washa kijiti cha udi ukipitishe taratibu kandokando ya fremu za madirisha na milango. Moshi ukiyumba ghafla, hapo ndipo joto lako linapotorokea. Mianya ya dirisha ibandike utepe wa sponji. Chini ya mlango, taulo kuukuu lililoviringishwa linatosha kabisa (halipendezi machoni, lakini kazi linafanya). Mapazia ya upande wa jua fungua mchana, yafunge kabla giza halijaingia.

Kama huwezi kupasha nyumba nzima joto, chagua chumba kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri kisishuke chini ya nyuzijoto 18. Vingine funga tu, ila mabomba ya huko yavishe sponji: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba likipasuka litakula akiba yote.

Jiko la mkaa usiliingize ndani, hata kwa dakika chache. Mkaa ukiwaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, na huua watu usingizini.