Maswali ya Wasomaji: Aliyeiona Breki ya Kinga ya Mwili

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita mkoani Morogoro. Nimesoma kwamba Mmarekani aitwaye James Allison alipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua tiba ya saratani inayotumia kinga ya mwili. Mjomba wangu anasema kuwa anayetaka kuwasaidia wagonjwa wa saratani hana budi kusomea udaktari, na kwamba kujifungia maabara na panya ni kupoteza ujana. Je, Allison alikuwa daktari? Alianzia wapi?

Marahaba mwanangu. Aliyekuwa daktari ni baba yake, katika mji mdogo wa Alice huko Texas, alikozaliwa Allison mwaka 1948. Mama yake alifariki kwa saratani ya tezi za limfu yeye akiwa bado mtoto, na baadaye saratani za aina nyingine zikawachukua jamaa zake wengine, akiwemo kaka yake mwaka 2005. Shuleni alikataa kusoma biolojia kwa sababu mwalimu hakutaka kufundisha mageuzi ya viumbe, akaamua kulisoma somo hilo kwa njia ya posta kutoka Chuo Kikuu cha Texas. Chuo hicho hicho ndicho kilichomtunuku shahada ya uzamivu mwaka 1973. Aliwahi kueleza kwamba udaktari haukumvuta kwa kuwa daktari hapaswi kukosea mbele ya mgonjwa, ilhali mtafiti anaruhusiwa kukosea mara nyingi, mradi ajifunze katika kila kosa.

Jambo ninalotaka ulishike ni kwamba kwa miaka mingi Allison hakuwa akitafuta dawa ya saratani. Alitaka kujua jinsi seli T inavyofanya kazi. Hizi ni chembe nyeupe za damu zinazozunguka mwilini usiku na mchana zikikagua seli nyingine, na zikikuta iliyoshambuliwa na virusi au iliyogeuka tabia, huiua. Lakini zinaitambuaje? Mwaka 1982, akiwa katika kituo kidogo cha utafiti huko Smithville, Texas, Allison na wenzake waliieleza protini iliyo juu ya seli T ambayo kazi yake ni kutambua, yaani kipokezi chake. Baadaye, alipokwisha kuhamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, maabara yake ilionyesha kuwa kipokezi peke yake hakitoshi kuiamsha seli, kwani inahitajika ishara ya pili kutoka protini nyingine iitwayo CD28. Wanaofundisha somo hili hupenda mfano wa gari, nami sijapata ulio bora zaidi: kipokezi ni ufunguo wa kuwashia, na CD28 ni kukanyaga mafuta.

Kulikuwa na protini ya tatu, CTLA-4, iliyogunduliwa Ufaransa mwaka 1987. Kwa kuwa ilifanana sana na CD28, watafiti kadhaa waliamini kuwa nayo ni pedali ya mafuta. Allison na mwanafunzi wake Matthew Krummel, na kwa upande mwingine kundi la Jeffrey Bluestone, waligundua kinyume chake, kwamba hiyo ilikuwa breki. Wengi walipolisikia hilo walifikiria magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, wakatafuta namna ya kuikaza zaidi breki hiyo. Allison aliuliza swali la upande wa pili: itakuwaje tukiizuia isishike, na seli T zikutane na saratani zikiwa huru?

Mwishoni mwa mwaka 1994 alimpa mtafiti mwenzake, Dana Leach, jaribio la kuwadunga panya wenye uvimbe kingamwili, yaani protini inayonata kwenye shabaha moja tu, iliyoziba CTLA-4. Uvimbe ukayeyuka. Allison alipoona matokeo hakuyaamini, akataka jaribio lirudiwe mara moja, katika siku za Krismasi, bila anayepima kujua panya yupi amepewa dawa. Leach alikuwa na safari, kwa hiyo profesa mwenyewe akabaki kupima. Siku za mwanzo uvimbe uliendelea kukua katika makundi yote mawili, naye akakata tamaa. Kisha katika kundi moja ukasimama, ukaanza kupungua, ukatoweka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, yakionyesha pia kuwa panya waliopona walipodungwa tena seli zile zile za saratani, miili yao ilizikataa. Kinga yao ilikuwa imekumbuka.

Nilidhani, niliposoma habari hizi mara ya kwanza, kwamba baada ya hapo kampuni za dawa zingempigania. Ilikuwa kinyume. Tiba za kinga zilizotangulia zilikuwa zimeahidi makubwa na kutoa madogo, na kampuni kadhaa zilimkatalia kabla ya Medarex, kampuni ndogo iliyokuwa na panya wenye uwezo wa kutengeneza kingamwili za binadamu, kukubali kuiunda dawa iliyokuja kuitwa ipilimumabu. Hata ilipofika kwa wagonjwa palikuwa na mtego. Kwa desturi dawa ya saratani huhukumiwa baada ya wiki chache kwa kupima kama uvimbe umepungua, na hapa, kama ilivyokuwa kwa panya, uvimbe wa baadhi ya wagonjwa ulivimba kwanza ndipo ukasinyaa. Ilibidi kipimo kiwe muda wa kuishi. Mwaka 2010 utafiti wa wagonjwa 676 wa melanoma iliyosambaa, saratani ya ngozi iliyokuwa ikiua haraka, ulionyesha kuwa nusu ya waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 10, ikilinganishwa na miezi 6 na kidogo kwa waliopewa chanjo ya majaribio peke yake. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini wafuatiliaji wa baadaye waliona kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa hai baada ya miaka mitatu, na wengi wa hao waliendelea kuishi miaka mingi. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Machi 2011. Nobel ilikuja mwaka 2018, akiigawana na Tasuku Honjo wa Kyoto, ambaye maabara yake iligundua breki nyingine, PD-1, mwaka 1992.

Mjomba wako, umwambie kwa heshima, ana nusu ya ukweli. Bila madaktari kama Jedd Wolchok wa New York, waliowapa wagonjwa dawa hiyo na kuvumilia kuona uvimbe ukikua bila kukatiza tiba, ugunduzi huu ungebaki kwenye vizimba vya panya.

Mama yangu anatibiwa saratani. Muuzaji mmoja hapa Tanga ananishawishi kununua unga wa "kuongeza kinga", na anasema ndiyo njia hiyo hiyo iliyopata Nobel. Je, ni kweli?

Pole sana dada, na Mungu amjalie mama nafuu. Si kweli, na inaniuma kuona jina la kazi ile likitumiwa hivyo. Dawa hizi haziongezi kitu. Zinazuia breki moja mahususi, tena kwa uangalizi mkali. Panya waliozaliwa bila CTLA-4 kabisa hufa wakiwa na wiki tatu au nne tu, kwa sababu seli T zao huvamia moyo na viungo vingine. Kwa wagonjwa vilevile, ipilimumabu inaweza kusababisha utumbo kuvimba na mgonjwa kuharisha sana, homa ya ini inayotokana na kinga yenyewe, au kuharibika kwa tezi za homoni. Unga ambao kweli ungeiamsha kinga ya mama yako kiasi hicho ungekuwa wa hatari, na usioiamsha ni fedha iliyopotea. Fedha hiyo mwekee nauli ya kliniki na chakula, na kama tayari ameutumia, mweleze daktari wake, kwani baadhi ya mitishamba huvuruga dawa za saratani.

Je, tiba hii inaponya saratani zote? Ndugu yangu ana saratani ya kongosho. Msomaji, Mombasa.

Hapana, ndugu yangu, na ningependa jibu lingekuwa jingine. Seli T hutambua saratani kwa yale mabadiliko ya vinasaba yanayoifanya ionekane ngeni. Melanoma, inayochochewa na jua, na saratani ya mapafu ya wavutaji sigara huwa na mabadiliko mengi, ndiyo maana zimeitikia vizuri. Rais mstaafu Jimmy Carter, ambaye melanoma yake ilikuwa imefika kwenye ubongo, alitibiwa mwaka 2015 kwa dawa inayoziba PD-1 pamoja na upasuaji na mionzi, akaishi hadi miaka 100. Saratani ya kongosho kwa kawaida ina mabadiliko machache, na huzungukwa na tishu ngumu ambayo seli T hazipenyi kwa urahisi, hivyo kuondoa breki peke yake husaidia wagonjwa wachache mno. Wachache hao ni wale ambao uvimbe wao umepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya vinasaba. Mwulize daktari wa ndugu yako kama kipimo cha kutafuta kasoro hiyo kinaweza kufanyika kwa sampuli iliyokwisha kuchukuliwa, kabla hamjauza shamba kwa ajili ya dawa ambayo huenda isimfae.