Usukani wa ndani kwenye boti ya matanga

Ndugu, umeuliza kama boti yako ya futi 38 hapo Tanga uiongezee usukani wa pili ndani ya kebini. Kwa anayetembea sana kwa injini wakati wa masika, una raha yake: hulowi, jua halikuchomi, na ukivuka mlango wa Pemba kusi ikikupiga ubavuni unafika ungali na nguvu.

Ila matanga yanaendeshwa kwa shingo na macho. Ukiwa ndani huusikii upepo ukigeuka, wala huoni tanga likianza kupwaya, hasa unapobisha, yaani unapokwenda mshazari dhidi ya upepo. Kioo nacho kikirushiwa maji ya chumvi na kukauka, huoni kitu. Usiku ndiyo balaa: taa ndogo tu ya ndani inatosha kukufanya usiione ngalawa isiyo na taa au maboya ya nyavu. Kuingia bandarini baina ya mafungu ya mchanga na miamba nikiwa humo ndani? Hata nipewe boti bure!

Halafu ufundi. Magurudumu mawili ya usukani, la nje na la ndani, mara nyingi huunganishwa kwa mabomba ya mafuta ya haidroliki, na hapo mkono unapoteza ile hisia ya maji yakisukuma ubao wa usukani ulio majini. Bomba likivuja, yote mawili yamelala. Hakikisha kana ya dharura, ule mpini wa kugeuzia usukani moja kwa moja, ipo na inaingia vizuri.

Kama shida ni jua na mvua tu, mimi ningeanza na turubai imara huko shetrini, nyuma ya boti, pamoja na mtambo wa kujiongoza wenye rimoti. Unakaa ndani unachungulia, ukihitajika unatoka. Gurudumu la pili litakula nafasi ya meza ya ramani, na mama watoto atauliza.